Asilimia ya Nini, kwa Muda Gani? Mwongozo Kamili wa Hesabu za Pesa na Takwimu

Mtihani ukikaribia unakuta vijana wamejazana barazani wanakariri fomula za riba, za wastani, za mkengeuko, alafu swali likigeuzwa kidogo tu basi, wameishiwa. Mimi naona shida kubwa iko mahali pamoja: namba inachukuliwa peke yake, haiulizwi imetoka wapi. Ukiambiwa 10%, kabla hujagusa kalkuleta uliza mawili: ni asilimia ya nini, na ni kwa muda gani. Na ukiambiwa wastani ni 1,500 uliza hizo namba zenyewe zimetawanyika vipi. Mengine yote humu chini ni kufanya mazoezi ya hayo maswali.

Chukua daftari, biro na kalkuleta yenye kitufe cha kipeo. Ya simu inatosha, kwa simu nyingi ukiilaza ubavu vile vitufe vya ziada vinajitokeza vyenyewe.

Hatua ya 1: Asilimia, na ile namba iliyojificha nyuma yake

Tuseme umenunua viatu vya mtumba soko la Kongowea, Mombasa, kwa 800, umeviuza 1,000. Faida ni 200, hapo hatugombani. Sasa faida ni asilimia ngapi? Ukigawa kwa mtaji, 200 ÷ 800, ni 25%. Ukigawa kwa bei ya kuuzia, 200 ÷ 1,000, ni 20%. Zote mbili ni sahihi, na ndo maana wafanyabiashara wawili wanaweza kubishana mpaka adhana ya magharibi na hakuna mwongo hata mmoja. Kwenye mtihani soma swali: likisema faida ya asilimia bila kufafanua, kwa kawaida wanataka ya bei ya kununulia. Andika hiyo namba ya chini kwanza, kabla ya chochote.

VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ndo inayonasa watu zaidi. Kenya kiwango cha kawaida ni 16%. Risiti inasema 1,160 na VAT ndani yake, bei kabla ya kodi ni ngapi? Wengi wanatoa 16% ya 1,160, wanapata 974.40, na wanasonga mbele na raha zao. Makosa. Ile 16% ilihesabiwa juu ya bei ya mwanzo, si juu ya 1,160, kwa hivyo gawa: 1,160 ÷ 1.16 = 1,000. Ikiongezwa kwa kuzidisha inatolewa kwa kugawa, basi.

Hapo hapo jifunze kutumia vizidisho badala ya kuongeza na kutoa kila mara. Kupanda 20% ni kuzidisha kwa 1.2, kushuka 20% ni kuzidisha kwa 0.8. Kitu cha 1,000 kikipanda 20% alafu kikashuka 20% hakirudi pale pale, 1.2 × 0.8 = 0.96, unabaki na 960. Mwenye duka akipandisha bei wiki hii alafu wiki ijayo akabandika bango la ofa, ushajua cha kufanya.

Hatua ya 2: Riba ya kawaida na riba juu ya riba

Riba ya kawaida ni mtaji × kiwango × muda ÷ 100. Shilingi 20,000 kwa 10% kwa mwaka, miaka 3: 20,000 × 10 × 3 ÷ 100 = 6,000. Mwisho una 26,000. Muda lazima ulingane na kiwango, yaani kiwango kikiwa cha mwaka na muda ni miezi 8, andika 8/12, usiandike 8. Marks nyingi sana zinapotelea hapa na ni kitu cha sekunde mbili.

Riba juu ya riba, kila mwaka riba inaingia kwenye mtaji na mwaka unaofuata nayo inazaa. Mtaji × (1 + kiwango/100) kwa kipeo cha idadi ya vipindi. 20,000 × 1.1 × 1.1 × 1.1 = 26,620. Tofauti na ile ya kwanza ni 620 tu, na mwanafunzi anasema sasa hii kelele yote ya nini? Ngoja. Iweke miaka 20: ya kawaida inakupa 60,000, na riba juu ya riba inakupa karibu 134,550. Muda ndo unaofanya kazi hapo.

Kuna njia ya mkato ya kupima jibu lako, kanuni ya 72: gawa 72 kwa kiwango, unapata takriban miaka ya pesa kuongezeka mara mbili. Kwa 10% ni kama miaka 7.2, na ukipiga hesabu kamili ni 7.27. Si ya kuandika kama jibu la mtihani, ni ya kujua kama jibu lako limepotea njia.

Hatua ya 3: Geuza kila kiwango kiwe cha muda mmoja

Mikopo ya simu tumeizoea, mtu anakopa akiwa kwenye foleni ya feri Likoni na kabla hajavuka pesa ishaingia. M-Shwari ilipoanza Novemba 2012 ada yake ilikuwa 7.5% kwa mkopo wa siku 30. Mtu anasikia 7.5%, analinganisha na benki inayosema 14%, anaona ya simu ni nusu ya bei. Lakini ile 14% ni ya mwaka mzima na hii ni ya mwezi mmoja! Izidishe kwa 12 ni 90% kwa mwaka. Na kama kila mwezi unakopa kulipia deni la mwezi uliopita pamoja na ada yake, hapo ni 1.075 kwa kipeo cha 12, inakuja 2.38, yaani gharama ya 138% kwa mwaka.

Sisemi usikope. Mgonjwa yuko hospitali na unahitaji 1,000 usiku huu, ada ya 75 si kitu. Ninachosema, usiweke kiwango cha mwezi na cha mwaka kwenye sentensi moja kabla hujavigeuza, iwe ni mtihani ama ni maisha.

Kwa kulinganisha, mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu, kwa wanafunzi wa digrii umekuwa ukitozwa 4% kwa mwaka. Ukimaliza chuo na una pesa kidogo ya kulipa madeni, hizo namba mbili zinakuonyesha uanze na lipi, ingawa na HELB nao usiwakimbie, faini zao zinakungoja.

Hatua ya 4: Salio linalopungua, hapa kaa kitako

Hii ndo hatua ninayotaka uifanye kwa mkono, mstari kwa mstari, usiruke. Mkopo wa 60,000, miezi 12, riba 1% kwa mwezi. Watu wawili wanakupa masharti yanayosikika sawa kabisa.

Wa kwanza anatoza kwa mkopo wa mwanzo, hii wanaita flati. Riba ya mwezi ni 600, miezi 12 ni 7,200, jumla unalipa 67,200, sawa na 5,600 kila mwezi. Imeisha.

Wa pili, tuseme sacco, anatoza kwa salio lililobaki. Kila mwezi unarudisha 5,000 ya mkopo wenyewe na juu yake riba ya deni ulilobaki nalo. Mwezi wa kwanza deni ni 60,000, riba 600, unalipa 5,600. Mwezi wa pili deni ni 55,000, riba 550, unalipa 5,550. Wa tatu deni 50,000, riba 500. Endelea hivyo hivyo mpaka mwezi wa 12, deni limebaki 5,000 na riba ni shilingi 50. Jumlisha hizo riba: 600 + 550 + 500 mpaka 50, ambayo ni 50 × 78 = 3,900. Jumla unalipa 63,900.

Kiwango kile kile cha 1% kwa mwezi, tofauti ni 3,300. Kwa nini? Kwa sababu kwenye flati mwezi wa 12 bado unalipia riba ya 60,000 ilhali mfukoni mwako zimebaki 5,000 tu za watu. Ukiitafsiri ile flati kwa lugha ya salio linalopungua, kiwango chake cha kweli kinafika karibu 21.5% kwa mwaka, si 12%. Kwa hivyo ukisikia "moja pasenti tu kwa mwezi", swali linalofuata ni moja pasenti ya nini. Ya mkopo wa mwanzo ama ya salio?

Na kwa wale wasiochukua mkopo wa riba, ambao hapa kwetu ni wengi, hesabu bado inakuhusu. Kwenye murabaha benki inanunua kitu, inakuuzia kwa bei ya juu iliyokubaliwa, unalipa kidogo kidogo. Mkataba ni tofauti, ni mauziano, na bei ikishakubaliwa haipandi. Lakini wewe mnunuzi bado unatakiwa kujua friza ya 60,000 inayouzwa 67,200 kwa miezi 12 imekuongezea 7,200, ndo uweze kulinganisha na muuzaji mwingine.

Hatua ya 5: Shilingi ya leo na ya baadaye

Chama cha watu 10, kila mmoja anatoa 2,000 kwa mwezi, mmoja anabeba 20,000 kwa zamu. Mbona kila mtu anataka namba moja? Wote wanatoa 20,000 na wote wanapokea 20,000, si ni sawa tu? Si sawa. Wa mwisho anapokea miezi 9 baada ya wa kwanza. Kama pesa ingeweza kumzalia 1% kwa mwezi, thamani ya leo ya hiyo 20,000 yake ni 20,000 ÷ 1.01 kwa kipeo cha 9, karibu 18,287. Namba moja amepewa mkopo bila riba, na namba kumi ndo aliyekuwa akiwakopesha wenzake wote, ingawa hakuna aliyetamka hivyo. Vyama vyenye busara vinapiga kura upya kila mzunguko.

Alafu kuna mfumko wa bei, ambao shirika la takwimu la taifa, KNBS, linautoa kila mwezi. Akiba ikizaa 7% na bei zikapanda 5%, usitoe tu ukasema 2%. Gawa: 1.07 ÷ 1.05 = 1.019, kiwango halisi ni 1.9%. Kwa namba ndogo kutoa kunakaribia, mfumko ukiwa mkubwa kutoa kunadanganya.

Na mfumko ukitoka 8% ukaenda 5%, bei hazijashuka. Zinaendelea kupanda, ila polepole. Hii watu wazima wenye vyeti vyao wanaikosea kila siku.

Hatua ya 6: Kabla ya kuhesabu, umewauliza nani?

Sasa takwimu. Tuseme mwalimu amekupa projekti: wakazi wa Mombasa wanatumia pesa ngapi kwa nauli kwa wiki. Utauliza watu 200. Ukisimama nje ya maduka ya Nyali mchana kutwa utapata majibu 200 safi kabisa, ya watu wanaokwenda Nyali. Mtu wa Mtongwe anayepanda feri na matatu mbili hayumo.

Njia nzuri ni kugawa sampuli kwa uwiano wa watu. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333 kaunti ya Mombasa: Kisauni 291,930, Likoni 250,358, Nyali 216,577, Jomvu 163,415, Mvita 154,171, Changamwe 131,882. Kisauni ni 291,930 ÷ 1,208,333, kama 24.2%, kwa hivyo kati ya watu wako 200 chukua 48 kutoka Kisauni. Ukifanya hivyo kwa wote unapata Likoni 41, Nyali 36, Jomvu 27, Mvita 26, Changamwe 22. Jumlisha uone ni 200, maana kukadiria kunaweza kukuachia mtu mmoja zaidi ama pungufu.

Ndani ya kila eneo bado unatakiwa kuchagua bila upendeleo, usiwaulize binamu zako wote wa Bamburi ukasema umemaliza Kisauni.

Hatua ya 7: Wastani, namba ya katikati, na modi

Mama anauza mahamri na mbaazi asubuhi. Mauzo yake ya siku saba, kwa shilingi, ukishayapanga kutoka dogo kwenda kubwa: 900, 950, 950, 1,000, 1,050, 1,150, 4,500. Ile ya 4,500 kulikuwa na harusi mtaani, alipata oda.

Wastani: jumla 10,500 ÷ 7 = 1,500. Mediani, ile ya katikati, ni ya nne: 1,000. Modi, inayojirudia, ni 950. Sasa angalia ule wastani vizuri. Hakuna hata siku moja aliyouza 1,500! Siku sita zote ziko chini yake. Kijana wake akichukua 1,500 akazidisha kwa 30 kupanga kodi ya nyumba na ada, familia italala njaa, maana harusi haiji kila wiki. Ukiitoa siku ya harusi wastani unakuwa 6,000 ÷ 6 = 1,000, na huo ndo unaofanana na maisha yake.

Kwa hivyo kwenye data ya pesa, mishahara, kodi za nyumba, bei za viwanja, tafuta mediani kwanza. Idadi ya namba ikiwa shufwa, mediani ni wastani wa zile mbili za katikati. Na panga kwanza, ukiokota ya katikati bila kupanga umeokota namba yoyote tu.

Hatua ya 8: Zimetawanyika vipi

Madereva wawili wa tuktuk, siku tano. Wa kwanza: 1,400, 1,450, 1,500, 1,550, 1,600. Wa pili: 500, 1,000, 1,500, 2,000, 2,500. Wastani wa wote ni 1,500, mediani ya wote ni 1,500. Ukiishia hapo umesema ni madereva sawa. Lakini kama tajiri, yaani mwenye tuktuk, anadai hesabu ya 1,200 kila jioni, wa kwanza hajawahi kumkosa, wa pili siku mbili kati ya tano anarudi na maelezo.

Hiyo tofauti ndo inapimwa na mkengeuko sanifu, ile wengi tunaiita standadi divieshen. Kwa dereva wa kwanza, toa wastani kwa kila namba: -100, -50, 0, 50, 100. Zidishe kila moja kwa yenyewe, upate mraba wake, ili hasi ziondoke: 10,000, 2,500, 0, 2,500, 10,000. Jumla 25,000. Gawa kwa 5, unapata 5,000, ambayo ni varianzi. Kipeuo chake cha pili ni 70.7. Kwa wa pili fanya hivyo hivyo: jumla ya miraba 2,500,000, gawa kwa 5 ni 500,000, kipeuo 707. Mara kumi kabisa.

Kugawa kwa n, yaani idadi ya namba zako, ama n − 1? Kama siku hizo tano ndo data yote unayoizungumzia, gawa kwa 5. Kama ni sampuli na unataka kukisia siku zake zote za kazi, gawa kwa 4, utapata 79.1 na 790.6. Kwenye kalkuleta kuna vitufe viwili tofauti, kimoja cha σ na kingine cha s, angalia umebonyeza kipi. Na jibu la mkengeuko liko kwa shilingi, la varianzi liko kwa shilingi mraba ambazo hakuna duka linalozipokea, kwa hivyo ripoti mkengeuko.

Hatua ya 9: Data iliyowekwa kwa makundi

Hii haraka. Mfano wa kubuni, watu 20 walingoja feri: dakika 0–10 watu 4, 10–20 watu 10, 20–30 watu 4, 30–40 watu 2. Huna muda kamili wa kila mtu, kwa hivyo tumia katikati ya kila kundi, 5, 15, 25, 35. Zidisha kwa watu: 20 + 150 + 100 + 70 = 340. Gawa kwa 20, wastani ni dakika 17. Mediani: nusu ya watu ni 10, kundi la kwanza limemeza 4, unahitaji 6 kati ya 10 wa kundi la pili, kwa hivyo 10 + (6 ÷ 10) × 10 = dakika 16. Gawa kwa jumla ya watu, si kwa idadi ya makundi!

Hatua ya 10: Kulinganisha vipindi

Unataka kuonyesha biashara ya yule mama imekua ama imeshuka, unachukua Machi 2023 na Machi 2025. Inaonekana haki, mwezi kwa mwezi. Lakini mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku kama 11, na Ramadhani inarudi nyuma kwenye kalenda. 2023 mfungo ulianza mwishoni mwa Machi, 2025 ulianza mwanzoni, karibu Machi yote ilikuwa mfungo. Muuza mahamri ya asubuhi ataonekana kafilisika, na muuza tende ataonekana katajirika, kumbe ni kalenda tu. Kwa biashara za chakula hapa kwetu linganisha Ramadhani na Ramadhani.

Ugonjwa huo huo uko kwenye uhusiano wa vitu viwili. Madafu yakiuzwa sana na feni zikiuzwa sana mwezi mmoja, madafu hayauzi feni, ni joto la Februari. Ukiona namba mbili zinapanda pamoja, tafuta ya tatu kabla hujaandika "inasababisha".

Jipime

Funika majibu. (a) Simu inauzwa 23,200 pamoja na VAT ya 16%, bei bila kodi ni ngapi? (b) Mkopo wa 24,000, miezi 6, 2% kwa mwezi: riba ya flati ni ngapi, na ya salio linalopungua ni ngapi kama unarudisha 4,000 ya mkopo kila mwezi? (c) Mvuvi wa Likoni amepata kilo 12, 15, 9, 40, 14. Tafuta wastani, mediani na mkengeuko sanifu, alafu useme ungemwambia mnunuzi ategemee kilo ngapi kwa siku.

Majibu. (a) 23,200 ÷ 1.16 = 20,000. Ukipata 19,488 rudi hatua ya 1. (b) Flati 480 × 6 = 2,880. Salio: 480 + 400 + 320 + 240 + 160 + 80 = 1,680, tofauti 1,200. (c) Wastani 90 ÷ 5 = 18. Zikipangwa ni 9, 12, 14, 15, 40, kwa hivyo mediani 14. Miraba ni 36, 9, 81, 484 na 16, jumla 626, gawa kwa 5 ni 125.2, kipeuo karibu 11.2, ukigawa kwa 4 ni 12.5. Mnunuzi mwambie 14, na mwonyeshe kwamba miraba 484 kati ya 626 imeletwa na ile siku moja ya kilo 40.